Pole kwanza, muziki nyuma



Watu kadhaa wameniandikia pembeni wakiuliza swali moja: "Ile video ya mupiga gitare wa Musonoi, juu ya nini uliitosha? Na shiye tunaweza kufika namna gani kwa ile familia?" Najibu hapa kwa wote, maana jibu ni refu kuliko meseji. Mimi nimesoma agronomia, sikusoma muziki wala sheria. Lakini kosa nililofanya ninalijua vizuri, na tangu siku ile nimetafuta kuelewa kwa nini lilikuwa kosa.

Alikuwa nani

Jina lake sitaliandika, mtaelewa mbele. Wazee wa Musonoi watamjua bila jina. Mchana alikuwa fundi wa umeme kazini, usiku mpiga gitare. Wengine walipiga rumba; yeye alipenda rock, gitare ya umeme yenye kulia na kukwaruza. Alikufa mimi ningali kwenye shule ya msingi, kwa hiyo sikumwona akipiga hata siku moja. Nilimjua kwa kaseti moja ya mjomba wangu, niliyoisikiliza mpaka utepe ukaanza kulegea.

Musishangae kwamba kwetu kulikuwa na mtu wa rock. Zambia ni jirani, na kule, katika miji ya shaba kama Kitwe, vijana wa miaka ya 1970 walikuwa na rock yao wenyewe. Leo dunia inaiita Zamrock. Kikundi chenye jina kubwa ni WITCH, na mwimbaji wake ni Emanuel Chanda, anayejulikana kama Jagari. Muziki uliposhuka, Jagari alienda kuchimba mawe ya thamani. Miaka mingi nyuma, vijana wa Ulaya waliopenda sahani zake za zamani walikuja kumtafuta. Filamu ikatoka mwaka 2019, na yeye akarudi jukwaani akiwa mzee. Lakini wenzake wa zamani walikuwa wamekwisha kufa.

Mpenzi wa muziki akiwahi, anamkuta mwanamuziki. Akichelewa, anakuta mjane na watoto. Mimi nilichelewa.

Kilichotokea

Nilifika Jumapili nyuma ya ibada, bila kutuma mtu mbele. Simu ilikuwa mkononi, inachukua video tangu mlango wa lupango. Mama mjane alikuwa anachekecha unga, amejifunga kitenge cha kazi. Nilisema jambo, nikajitambulisha na licence yangu, kisha maswali palepale: Gitare iko wapi? Kaseti ziko ngapi? Picha je?

Mama aliniangalia, akauliza pole pole: "Mwana yangu, ulikuya juu ya baba ao juu ya gitare?"

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha. Nikajibu: "Juu ya byote, mama." Alinyamaza, akanipa kiti, akamtuma mtoto kuleta maji. Kwa sababu alinipa maji, mimi nikasema mambo iko sawa. Usiku ule nikaweka video ya dakika 4, na maneno juu yake: "Angalieni namna familia ya nyota wetu inaishi." Kweli kabisa nilifikiri ninawasaidia.

Siku ya tatu mtoto wake mkubwa alinipigia simu kutoka Likasi. Hakupaza sauti. "Ndugu, nani alikupatia ruhusa? Mama yetu iko na kitenge ya kazi, ukuta yenye kupasuka iko nyuma yake, na batu banatuma ile video kwangu, banauliza kama tulimutupa mama. Unajua kama kila mwezi tunatuma falanga? Uliuliza?"

Sikuuliza. Niliondoa video, lakini wengine walikuwa wamekwisha kuichukua na kuipeleka mbele. Hadi leo sijui imefika wapi.

Mpenzi na familia hawamlii mtu mmoja

Hapa ndipo nilianza kufikiri. Chukueni mfano wa mtu mkubwa wa mkoa wetu, Mwenda Jean Bosco. Alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akamrekodi wimbo "Masanga". Bosco alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, na ukisikiliza unadhani watu wawili wanapiga. Sahani zake zilifika Afrika ya Mashariki yote. Aliishi Nairobi kwa muda, na wapiga gitare wa Kenya wakamfuata. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport kule Marekani. Mwaka 1988 alirekodi albamu Cape Town. Mwaka 1990 alikufa kwa ajali ya gari Zambia.

Kwa mpenzi, hayo ndiyo maisha ya Bosco: miaka, sahani, vidole. Sasa hesabuni safari zilezile mkiwa ndani ya nyumba. Nairobi, Newport, Cape Town: kila mahali ambapo mpenzi anaona ushindi, mtoto anaona kiti cha baba kisicho na mtu. Familia yake sikuiuliza, kwa hiyo simsemei mtu. Nasema tu kwamba hesabu hiyo iko katika kila nyumba ya mwanamuziki, mkubwa ao mdogo. Mpenzi analia sauti. Familia inalia mtu aliyekula bukari nao, aliyeugua mbele yao, pengine aliyewaachia madeni. Ukiingia na maswali ya sauti tu, unawaambia kwamba mtu wao hukumjali.

Waliowahi walikuwa na bahati. Mwaka 1979 mpiga gitare kutoka Uingereza, John Low, alikuja hapa Shaba, kama mkoa ulivyoitwa wakati ule, kuwatafuta Bosco, Losta Abelo na Edouard Masengo. Aliwakuta hai, akakaa nao kama mwanafunzi na gitare mkononi. Mtu hai unaweza kumuuliza mwenyewe: hapa kidole kinaenda wapi? Na yeye anaweza kukukatalia. Sisi tuliochelewa, majibu yetu yako kwa watu ambao hawakuchagua kuwa maktaba yetu.

Kuna pia mahali ambapo mpenzi anapiga picha bila kuumiza mtu. Freddie Mercury, mwimbaji wa kikundi cha rock cha Queen, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina Farrokh Bulsara. Familia yake iliondoka kwenda Uingereza mwaka 1964, wakati wa mapinduzi, na yeye alikufa London mwaka 1991. Leo wageni wanafika Mji Mkongwe, wanapiga picha mlangoni, wanaingia katika makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2019, wanarudi hoteli. Nyuma ya mlango ule hakuna mama anayechekecha unga. Sisi vijana tunaona picha za namna hiyo kila siku kwenye simu, tunazoea, tunafika kwa jirani yetu na mazoea yale yale.

Sheria inasema nini

Wengi mliniambia: "Lakini yule mutu ni wa watu wote, muziki wake ni urithi wa Musonoi." Kama upendo, sawa. Kama sheria, hapana.

Kwetu Kongo sheria ya haki za mwandishi ni ile ya tarehe 5 Aprili 1986. Inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote, na miaka 50 nyuma ya kifo chake. Hesabu ya Bosco ni rahisi: 1990 na 50, tunafika 2040. Hata mpiga gitare asiyejulikana nje ya kartie yake ana miaka 50 hiyo hiyo. Nyimbo alizotunga si vitu vilivyookotwa barabarani.

Na wenye haki ni nani? Sheria ya familia ya mwaka 1987 inasema watoto wa marehemu, wa ndoa na wale wa nje aliowatambua, ndio warithi wa daraja la kwanza, wanapata robo tatu ya urithi. Robo inayobaki ni ya daraja la pili: mjane, wazazi wa marehemu, ndugu zake na dada zake. Maana yake ni nini kwako mpenzi wa muziki? Mtu mmoja wa lupango akikuambia "chukua tu kaseti, hakuna neno," hilo ni neno la mtu mmoja. Hata mama mjane hawezi kuamua peke yake mbele ya watoto. Mtoto mkubwa naye hawezi kuuza bila wadogo zake. Uliza wako wangapi, wako wapi, nani hajasikia habari.

Kama mnaona hayo ni maneno ya mahakama tu, kumbukeni Solomon Linda wa Afrika ya Kusini. Mwaka 1939 alirekodi wimbo "Mbube" Johannesburg. Haki zake zilimtoka kwa shilingi 10. Wimbo ukaenda Marekani, ukabadilishwa maneno, mwaka 1961 ukawa "The Lion Sleeps Tonight", dunia nzima ikauimba. Mwaka 1962 Linda akafa maskini. Mwaka 2000 mwandishi Rian Malan aliandika habari ndefu iliyofuata ule wimbo, senti kwa senti, mpaka kwa mabinti wa Linda kule Soweto. Habari ile ilifungua njia ya kesi, na mwaka 2006 mabinti walipata makubaliano ya kulipwa. Wanasheria walitumia sheria ya zamani ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyosema haki zinarudi kwa warithi miaka 25 nyuma ya kifo cha mtunzi.

Angalieni tofauti. Malan alifika kwa ile familia na mimi nilifika kwa hii. Yeye aliwaachia kitu ambacho hawakuwa nacho. Mimi niliwachukulia kitu walichokuwa nacho: heshima ya mama mbele ya majirani.

Mbegu zinarudi shambani

Sisi wa agronomia tunajua habari hii kwa jina lingine. Mtafiti anafika kijijini, anachukua mbegu za mahindi ao maharagwe ya wenyeji, anaziweka katika benki ya mbegu mbali. Kazi nzuri, mbegu hazipotei. Lakini ukame ukija kijijini na mbegu zikiisha, swali ni moja: zile mlizochukua, zitarudi?

Muziki una benki zake. Hugh Tracey alianzisha mwaka 1954 ile maktaba ya muziki wa Afrika inayojulikana kama ILAM, ambayo leo iko chuo kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini. Humo mna maelfu ya sauti za babu zetu. Na wao wenyewe walifika kwenye swali la kurudisha. Mwaka 1950 Tracey alirekodi kule Kapkatet, Kenya, wasichana wa Kikipsigis wakiimba "Chemirocha". Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1933, ambaye sahani zake zilikuwa zimefika kule. Zaidi ya miaka 60 nyuma, watu wa ILAM pamoja na Ketebul Music ya Nairobi walirudi sehemu zile na sauti mkononi, wakazitoa kwa wenyeji na familia za waimbaji. Watu walisikia wakubwa wao.

Nilipojua hilo, nikaelewa nilipaswa kufika na nini kwa yule mama. Kaseti ya mjomba wangu ilikuwa sauti ya mume wake. Mimi nilikuwa nayo miaka yote, yeye hakuwa nayo, na nilienda kumwomba nyingine.

Namna nilirudi

Nilimwomba mzee mmoja wa kanisa, aliyefanya kazi na marehemu, anitangulie. Alienda peke yake kwanza. Akarudi na jibu: mama amekubali, siku ya Jumamosi, na mtoto mkubwa atakuwapo. Nilibeba sukari, sabuni na unga, kama mtu anayeenda matanga aliyochelewa miaka mingi. Simu ilibaki mfukoni, imezimwa.

Mzee alisema maneno ya kuomba msamaha. Nyuma nikasema yangu, mafupi: "Mama, yaya, nilikosa. Na pole, juu ya baba. Ile siku sikusema pole." Mtoto mkubwa aliitika kwa kichwa. Mama alianza kuzungumza, akazungumza saa mbili. Hakugusa muziki. Alisema juu ya ugonjwa, juu ya mishahara iliyochelewa, juu ya namna marehemu alivyokuwa anasuka nywele za binti zake yeye mwenyewe, na majirani wakamcheka. Katikati akasema, kama mtu anayetaja bei ya chumvi: gitare iliuzwa zamani, kabla baba hajafa, juu ya minervali ya watoto.

Nikakumbuka swali langu la kwanza ile Jumapili. "Gitare iko wapi?"

Kabla ya kuondoka nilimpa mtoto mkubwa kadi ya memori yenye nyimbo za kaseti ya mjomba. Sikuomba kitu.

Mwezi uliofuata walinipigia wenyewe. Mama alitoa mfuko: kaseti 11, zilizokaa chini ya kitanda, karibu na gunia la mahindi. Nilinusa kuvu kabla ya kufungua. Hapo elimu yangu ilipata kazi. Mahindi tunayahifadhi yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13 hivi, na hatuyaweki chini kwenye sakafu. Kaseti nazo hazipendi sakafu wala unyevu, na tena haziwezi kuanikwa juani kama mahindi, juu joto linapinda utepe. Tulizitandaza kivulini, kwenye hewa, siku kadhaa. Hatukuzitia katika radio zikiwa na kuvu, maana kuvu inachafua mashine na mashine inakata utepe. Fundi mmoja wa radio alizisafisha moja moja. Kaseti 7 zimeimba, 4 zimekataa. Kila iliyoimba, nakala ya kwanza ni ya mama, ya pili ya watoto. Yangu inakuja mwisho, na ni ya kusikiliza tu.

Kwa hiyo mwenye kuniuliza namna ya kufika, hii ndiyo njia. Tuma mtu mzima mbele. Sema pole, hata kama miaka 20 imepita. Peleka kitu cha marehemu ulicho nacho kabla ya kuomba kitu: picha, sauti, ao hadithi tu ya mtu aliyemwona. Simu iwashwe wakisema wao. Uliza watoto wako wangapi. Usirekodi umaskini wa mtu ukauita heshima. Na kama kuna pesa mbele, ya filamu ao ya redio, waende wenyewe kujiandikisha SOCODA, chama cha haki za waandishi nchini mwetu, usijifanye meneja.

Juu ya video: watoto ni wanne, watatu wamekubali itengenezwe nyingine, mmoja bado. Tunangoja. Ndiyo maana jina haliko hapa.

Nimalizie na kaseti ya tano. Kati ya nyimbo mbili kuna kelele za watu, nyuma marehemu anasema karibu na mashine, anamwita binti yake mdogo, anamwambia alale, baba anafanya kazi. Binti yule alikuwa na miezi michache tu baba alipokufa, leo ni mwanafunzi kama wengi wenu hapa. Alikuwa hajasikia sauti ya baba yake ikitaja jina lake. Aliomba turudishe. Tulirudisha. Mama akatoka nje, akaenda kuangalia moto wa makala, na hakuna aliyemfuata.

Wimbo uliokuja nyuma yake ndio mzuri kuliko yote. Siku ile hatukufika mpaka hapo.

Mwenye kaseti ya zamani nyumbani kwao, leo jioni aitoe chini ya kitanda.